Wanaobaki chini ya mwarobaini: namna ya kupanga shughuli za nje ya darasa kwa kidato cha kwanza na cha pili

Ijumaa saa nane na nusu mchana, katika shule nyingi za sekondari za kata mkoani Dodoma, ratiba iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya walimu husema kwamba ni kipindi cha michezo. Uwanjani utawakuta wavulana ishirini na wawili wakiukimbiza mpira katikati ya vumbi, kando yao wasichana kumi na wanne wa netiboli, na chini ya mwarobaini wanafunzi mia mbili na zaidi waliokalia mabegi yao wakisubiri kengele ya kwenda nyumbani. Mwongozo huu unawahusu hao mia mbili. Nimekuwa mwalimu wa michezo, na baadaye mwalimu wa malezi, katika shule ya namna hiyo, na kwa miaka kadhaa taarifa zangu za michezo ziliwahesabu waliokuwa uwanjani peke yao. Waliokuwa kivulini sikuwaandika popote, kwa kuwa hawakuwa wamefanya kosa lolote wala jambo lolote.

Umri ninaouzungumzia ni wa miaka kumi na mmoja hadi kumi na minne au kumi na mitano. Marekani huwa na shule maalumu kwa umri huo, za darasa la sita hadi la nane. Hapa kwetu wazee waliosoma kabla ya uhuru huzikumbuka shule za kati, za darasa la tano hadi la nane, ambazo nyingi zilikuwa na mashamba na mabweni yake. Shule hizo hazipo tena, na watoto wa umri huo wamegawanyika kati ya madarasa ya mwisho ya msingi na vidato viwili vya mwanzo vya sekondari. Mgawanyo huo unabadilika sasa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma tarehe 1 Februari 2025, inaweka elimu ya lazima ya miaka kumi, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari. Walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya mwaka 2024 watahitimu darasa la sita mwaka 2027 pamoja na darasa la saba la mwisho, na hivyo Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa wakati mmoja, moja likiwa na watoto wadogo kwa mwaka mzima kuliko tuliowazoea. Shule ambayo haijajua la kufanya na watu mia mbili chini ya mti itakuwa na mia nne.

Kabla ya kueleza hatua, ni vyema kusema wazi faida inayotafutwa, kwa sababu walimu wengi huahidi faida isiyokuwa na uhakika. Mtoto anayetoka darasa la saba alikuwa mkubwa wa shule, alifundishwa kwa Kiswahili, na mwalimu wake alimfahamu yeye, mama yake na mbuzi wao. Wiki ya pili ya Januari anajikuta mdogo kuliko wote, amekaa katika mkondo wa watu sitini, akifundishwa kwa Kiingereza na walimu wanane au tisa ambao kila mmoja humwona kwa dakika 40 kisha akaondoka. Mtoto aliyekuwa akinyoosha mkono kila mara hunyamaza. Si kwamba akili imepungua, bali lugha imemkimbia, na katika umri huo aibu ya kuchekwa na wenzake ni nzito kuliko fimbo. Shughuli nzuri ya nje ya darasa humpa vitu vitatu ambavyo darasa la kidato cha kwanza haliwezi kumpa kwa miezi ya mwanzo: kazi anayoiweza, kikundi ambacho kitauliza alipo asipofika, na mtu mzima mmoja anayemwita kwa jina lake.

Kuhusu alama za mitihani, ningeshauri usimwahidi mkuu wa shule kwamba zitapanda. Ni kweli kwamba wanafunzi wanaoshiriki michezo na klabu mara nyingi huonekana wakifanya vizuri darasani, lakini mara nyingi pia ndio wanaoishi karibu na shule, wanaokula vizuri na wasiokuwa na kazi nyingi nyumbani, kwa hiyo si rahisi kujua kipi kimezaa kipi. Ahidi mahudhurio, kwa sababu hayo unaweza kuyahesabu mwenyewe kwenye daftari.

Anza na orodha

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanzia mstarini. Nilisimama mbele ya shule nzima asubuhi ya Jumatatu nikatangaza klabu saba, nikawataka wanafunzi wajiandikishe kwa viranja, na karatasi zilirudi zimejaa majina. Baada ya wiki tatu klabu tano zilikuwa zimekufa. Nilipofuatilia niligundua kwamba wengi waliandika klabu ya rafiki zao, wachache waliandikwa na viranja bila wao kujua, na karibu wote waliokaa mbali waliandika jina kwa adabu tu, huku wakijua kwamba saa tisa alasiri wangekuwa njiani.

Kwa hiyo chukua kwanza daftari la mahudhurio la kila mkondo wa kidato cha kwanza, na kwa muda wa wiki moja au mbili, walimu wa madarasa wakikusaidia, jaza mbele ya kila jina mambo manne: anakotoka na muda anaotembea, kazi inayomsubiri nyumbani, jambo analolijua kulifanya, na jambo ambalo angependa kulijaribu. Muulize mmoja mmoja, ikiwezekana wakati wa kufanya usafi au kwenye foleni ya uji, kwa sababu ukiuliza mbele ya darasa wavulana wote watasema mpira. Mambo yaliyokuwa yamejificha yatajitokeza. Katika orodha yangu ya kwanza nilimpata mvulana aliyejua kupiga zeze la babu yake, wasichana wanne waliokuwa wakisuka mikeka kwa ajili ya kuuza, na mwanafunzi mtoro sugu ambaye kumbe alikuwa fundi baiskeli kijijini kwao na ndiye aliyelipia sare za wadogo zake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kujiandikisha mahali popote.

Saa ya shughuli ndiyo kazi yenyewe

Ukifanikiwa kupata muda mzuri, mengine yatafuata. Ukikosa muda, hata mipira mipya ishirini haitakusaidia. Shule nyingi huweka shughuli mwishoni mwa siku, baada ya vipindi vyote, na hapo ndipo huwapoteza wale wanaozihitaji zaidi. Msichana anayetembea saa moja na nusu kwenda kwao, ambaye akifika anapaswa kuchota maji, kuwasha moto na kumchukua mdogo wake kwa jirani, hawezi kubaki hadi saa kumi na moja. Akibaki, giza humkuta njiani, na mzazi anayemkataza ana haki. Tukisema kwamba wasichana hawapendi michezo, mara nyingi tunachokieleza ni ratiba yetu wenyewe.

Weka shughuli ndani ya siku ya masomo. Mpango uliotufaa ni vipindi viwili vinavyofuatana, yaani dakika 80, siku ya Jumatano, mara tu baada ya chakula cha mchana. Umuhimu wa chakula hauhitaji maelezo marefu: pale ambapo wazazi wamechangia mahindi na maharage na kuna sahani ya makande, watoto wana nguvu ya kuruka kamba, pale ambapo hakuna, shughuli za mchana wa jua la Dodoma ni adhabu, na ni heri kuzihamishia asubuhi kabla jua halijapanda. Jumatano tuliichagua kwa sababu Ijumaa huwa na wanaokwenda msikitini, huwa na usafi, na huwa na wanaotoroka mapema. Muda huo lazima uwe mmoja kwa vidato vyote viwili na kwa walimu wote, bila kipindi cha fidia na bila masomo ya ziada kufundishwa humo, kwa kuwa mwalimu mmoja akianza kufundisha hisabati wakati wa klabu, wiki inayofuata watakuwa watatu.

Mwenye wasiwasi mkubwa atakuwa mwalimu wa taaluma, na wasiwasi wake si wa bure, kwa sababu kidato cha pili wana Upimaji wa Kitaifa mwishoni mwa mwaka na matokeo yake hubandikwa kwa jina la shule. Usibishane naye. Kubaliana naye kwa maandishi kwamba kuanzia katikati ya Septemba kidato cha pili watabaki na kipindi kimoja badala ya viwili, lakini kisifutwe kabisa. Ukikifuta, kikundi huvunjika na Januari utaanza upya. Mwonyeshe pia mahudhurio ya Jumatano yakilinganishwa na siku nyingine baada ya muhula mmoja. Huyo ndiye mtu mwenye kupenda takwimu kuliko wote shuleni, na nimeona mwalimu wa taaluma akigeuka kuwa mlinzi mkali wa kipindi cha klabu kuliko mwalimu wa michezo.

Kalenda nayo ifuate mvua. Dodoma mvua huanza takribani Desemba na kuisha Aprili, na katika miezi ya mwisho ya msimu huo watoto wengi wa Bahi, Chamwino na Kongwa huhitajika mashambani kuamia ndege kwenye mtama na uwele. Anza shughuli Februari, kidato cha kwanza wakishazoea njia, na utarajie upungufu mwezi Machi na Aprili bila kuwafuta watu kwenye orodha. Mashindano ya UMISSETA nayo, yaani michezo ya shule za sekondari nchini, ambayo kwa kawaida hufikia kilele katikati ya mwaka, huchukua walimu wa michezo na vifaa vyote. Hakikisha kwamba wakati huo klabu zisizo za michezo zina walezi wengine, vinginevyo shule nzima itasimama kwa ajili ya wachezaji kumi na wanane.

Shughuli chache, za hapa hapa

Kwa wanafunzi mia tatu, shughuli tano au sita zinatosha. Zisiwe zote za mashindano, kwa kuwa shindano kwa asili yake huchagua wachache na kuwarudisha wengine kivulini. Skauti na klabu za wapinga rushwa zinazoratibiwa na TAKUKURU zina taratibu zake tayari, na walezi wake hupata miongozo, hivyo sitazieleza. Mdahalo unajulikana, nitaongeza tu kwamba mdahalo wa kidato cha kwanza ufanyike kwa Kiswahili wiki moja na kwa Kiingereza wiki inayofuata, ili yule aliyenyamazishwa na lugha apate siku yake. Riadha haihitaji zaidi ya njia iliyosafishwa na saa, na mkoa jirani wa Singida ndiko anakotoka Alphonce Simbu, aliyepata medali ya shaba ya marathoni katika mashindano ya dunia ya London mwaka 2017 na dhahabu Tokyo mwaka 2025. Mpe kila mtoto daftari la muda wake mwenyewe, ashindane na Jumatano iliyopita, na wa mwisho naye atakuwa na habari ya kusimulia.

Mbili ningependa kuzieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndizo zilizowatoa wengi chini ya mwarobaini.

Ya kwanza ni ngoma. Muziki wa Wagogo unajulikana mbali sana kutokana na uimbaji wake wa sauti nyingi, na Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliufikisha kwenye majukwaa ya Ulaya kwa zeze na marimba. Hata hivyo, katika shule zilizo umbali wa kutembea kutoka nyumbani kwa wapigaji hodari, muziki huo husikika siku ya kumpokea mgeni rasmi tu. Muombe bibi mmoja au wawili wa kijijini waje kufundisha muheme, ngoma ambayo wanawake huibana mapajani na kuipiga kwa mikono. Wape nauli, chakula, kiti na heshima ya mwalimu, na umwombe mwenyekiti wa kijiji awaalike yeye, maana mwaliko wa mwalimu kijana peke yake unaweza kuonekana mchezo. Wapo wazazi watakaouliza kama ngoma hiyo ina mambo ya jando na unyago. Waalike waone, anza na nyimbo za mavuno na za kukaribisha wageni, na uweke kwaya pembeni kwa ajili ya wasioridhika. Watoto wasio Wagogo, ambao katika jiji la Dodoma ni wengi tangu Serikali ilipohamia, hujifunza haraka kuliko wenyeji, na wenyeji hugeuka walimu wao. Kwa mtoto aliyezoea kukosea Kiingereza kutwa nzima, kumsahihisha mtoto wa mtumishi wa wizara ni tiba.

Ya pili ni kisiki hai, njia ambayo wakulima wa Kongwa, Mpwapwa na Chamwino wanaifahamu vizuri. Klabu nyingi za mazingira hufa kwa sababu hutegemea miche, na miche huhitaji maji ambayo shule haina. Kisiki hai hakihitaji maji. Wanafunzi hutembea katika eneo la shule wakitafuta visiki vya miti iliyokatwa ambavyo bado vinachipua. Kwa kila kisiki huchagua machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu, kati ya mawili na matano, hukata mengine, huondoa matawi ya chini hadi nusu ya urefu, kisha hufunga kitambaa cha rangi ili kila apitaye ajue kwamba mti huo una mwenyewe. Mpe kila mwanafunzi kisiki chake. Apime urefu mara moja kwa mwezi na kuandika, na mbuzi wakila, aeleze mbele ya kikundi amefanya nini kuhusu mbuzi hao. Mwanafunzi aliyepewa kisiki Februari ya kidato cha kwanza huwa na mti unaompita urefu kabla ya kumaliza kidato cha nne. Nimewaona wakija kuuangalia hata siku ya likizo.

Klabu ya historia ni rahisi kwa shule iliyo karibu na Kondoa, ambako michoro ya miambani ya Kolo iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, au Kongwa, palipokuwa na mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na, katika miaka ya 1960, kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Pasipo na gari la kwenda huko, wazee wa kijiji watafaa, mradi maswali yaandikwe kabla.

Walezi, vyeo na fedha

Mwalimu mmoja kwa wanafunzi thelathini hadi arobaini ndicho kiwango ambacho bado anaweza kuwajua kwa majina. Walimu hawatoshi, hilo linafahamika. Tulitumia wanafunzi wa vyuo vikuu waliokuja kwa mazoezi ya kufundisha, na Dodoma tuna bahati ya kuwa na Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Lakini mtu wa nje asiachwe na watoto peke yake, na awe na mwalimu wa shule anayewajibika. Kila shughuli ifanyike mahali pa wazi au katika chumba chenye milango na madirisha yaliyofunguliwa. Safari yoyote iwe na barua ya ruhusa ya mzazi na mwalimu wa kike iwapo kuna msichana hata mmoja.

Gawa vyeo kwa wingi, na usiwape viranja, kwa kuwa wao wameshapata. Mtunza vifaa, mwandika mahudhurio, mpima muda, mchora mistari ya uwanja, mshika sanduku la huduma ya kwanza: kila kimoja kidumu mwezi mmoja kisha kihame. Yule fundi baiskeli mtoro nilimfanya mtunza vifaa. Hakugeuka mwanafunzi bora, lakini Jumatano alifika, na baada ya muda Jumanne pia, kwa sababu funguo za stoo zilikuwa mfukoni mwake na wenzake walimfuata nyumbani alipochelewa.

Fedha iwe ndogo. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, mzazi hapaswi kulazimishwa kuchangia, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya jezi. Mchango wa hiari upitie bodi ya shule na utaratibu wa halmashauri. Mipira ya vitambaa na kamba za katani si aibu. Aibu ni stoo yenye mipira ya ngozi iliyofungiwa isichakae.

Namna ya kujua kama inafanya kazi

Kila Jumatano ya mwisho wa mwezi, saa ya shughuli ikiwa katikati, tembea hadi chini ya mti na uhesabu. Andika idadi, usiandike majina, na usimfukuze mtu. Kaa nao dakika tano uulize wanasubiri nini. Wengine wanaumwa, wengine wapo kwenye hedhi na hawana pedi, wengine wameshachaguliwa na kuachwa mara nyingi mno kiasi kwamba wameamua kutojaribu. Kila jibu lina dawa yake, na nyingi si za michezo.

Kisha, katikati ya kila muhula, fanya jambo hili katika kikao cha walimu. Bandika orodha ya majina yote ya kidato cha kwanza, na mpe kila mwalimu kalamu. Aweke alama mbele ya jina la mwanafunzi ambaye anafahamu jambo lake moja lisilo alama za mtihani wala kosa la nidhamu: kwamba anapiga zeze, kwamba analea wadogo zake, kwamba kisiki chake kimeliwa na mbuzi mara mbili. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo majina hamsini na matatu yalibaki bila alama yoyote, na chumba kilikuwa kimya. Yagawe majina hayo papo hapo, matatu au manne kwa kila mwalimu, kisha orodha ifungiwe kabatini, wanafunzi wasiione.